Mkanda wa Bosi

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa pazuri, na nyonga imepunguza hasira. Sisi huku wazima, na safari hii ninaposema wazima sisemi kwa mazoea.

Jana tulimpeleka Bosi kliniki. Daktari alimsikiliza kifua, akamgeuza, akamsikiliza mgongo, akarudi tena kifuani, mimi nimekaa pale jasho linanitoka kama niko jikoni. Mwishoni akavua kile chombo masikioni, akasema, "Lile tundu la moyo limeziba kabisa. Operesheni imekubali. Sasa mama, mwache akimbie." Nikamuuliza akimbie kiasi gani. Akacheka. Akasema, "Kiasi cha watoto."

Hicho ni kipimo gani, Mama? Mimi ni fundi cherehani. Mtu akiniambia nikate kitambaa kiasi, namwomba apimwe kwanza.

Baba yao alifurahi mpaka akapotea. Alirudi kinyozini akamnyoa mteja ndevu ambazo mtu wa watu hakuomba zinyolewe. Mkaguzi naye, na unamjua mjukuu wako, darasa la pili na anakagua mpaka kucha zangu, aliniuliza tukiwa kwenye basi, "Kwa hiyo sasa anashushwa?" Maana jina la Bosi ulimpa wewe mwenyewe ulipoona kila aendako anabebwa. Ana miaka mitano na soli za viatu vyake ni mpya, utadhani vimetoka dukani leo.

Basi leo nikamshusha. Baba yao siku za mapumziko ndizo anazonyoa sana, kwa hiyo tulikwenda watatu, mimi na wao, mwisho wa mtaa kule wanakoweka lami. Tulisimama tukatazama lile gari zito la kushindilia barabara likienda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma. Bosi alimpungia dereva, dereva akapiga honi, tukakaa pale mpaka kazi ikafungwa. Sikujua kama mtu anaweza kufurahi hivyo kwa kutazama barabara ikilainika. Tulirudi tunanuka lami sote.

Ila nisikufiche. Nilimshonea mkanda. Ni kipande cha pazia, ncha moja nimeifunga na kifungo nyuma ya kiuno chake, nyingine nimeishika mimi. Anatembea vizuri tu. Kukimbia ndiyo bado.

Wanakuamkia wote.

Mwanao,
Mama Bosi

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Nyonga ipo, haijahama.

Habari ya daktari nimeisoma nikalia kwa sauti. Jirani yangu muuza maziwa akadhani nimefiwa, akaja mbio na birika la maziwa, tukakaa tukalia wote wawili, yeye hata hajui analilia nini. Nilipomweleza akaniambia haidhuru, ameshaanza, atamaliza.

Sasa huo mkanda. Umemshonea mtoto au umemshonea mbuzi? Miaka yote nimepikia bweni la shule, mwanangu, na sijawahi kuona mtoto anakuja kula kwa kutembea. Kengele ikilia nasogeza sufuria, la sivyo napinduliwa mimi na sufuria. Ndivyo walivyo. Daktari kakwambia kiasi cha watoto, nawe unatafuta futikamba.

Mkasi unao. Kata.

Na usinipigie simu kunielezea. Simu inanikatia maneno katikati. Barua naisoma, nikikasirika naiweka, nikitulia naichukua tena.

Mwambie Mkaguzi kucha zangu safi.

Mama yako

25 Februari

Mama,

Shikamoo, na poleni na joto. Huku hatujambo, koo la Mkaguzi lilikuwa linawasha lakini limenyamaza, yeye ndiye hajanyamaza.

Sikukata. Nimeunga. Usiiweke barua chini, nisikilize kwanza. Nimeongeza kipande cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule nilizoshona, mkanda sasa ni mrefu mara mbili, kwa hiyo Bosi anaweza kwenda mbele kidogo. Kila tukitoka nitaongeza kipande. Nimeona hiyo ndiyo njia ya haki kati yako na mimi.

Juzi tulikwenda kwenye daraja la reli. Tulibeba mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, tukakaa tukisubiri treni. Treni ikija wanapunga mikono, na abiria mmoja aliyekuwa anakula mkate dirishani akatupungia kwa huo mkate. Wakagombana mabehewa yalikuwa mangapi, kila mmoja na hesabu yake, wakataka niamue. Nikawaambia nilikuwa namtazama mtu wa mkate. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Wakati ule Bosi alipokuwa hoi kitandani nilikuwa sithubutu hata kuwaza siku ya kukaa darajani namenya mayai bila haraka yoyote.

Halafu ikaja treni nyingine, na Bosi akaifukuza. Alitoka kando ya uzio kwa nguvu zake zote, na mkanda ukamwishia, akaketi chini kwa makalio. Hakulia. Aligeuka akanitazama tu, akajipangusa vumbi.

Mama, nimeumia kuliko yeye. Lakini mwaka mzima mkono huu umekuwa kifuani pake, unasikiliza. Ninauambia uachie, hausikii. Naogopa. Wala si kwamba daktari simwamini, namwamini. Naogopa tu.

Na mimi nina la kukuuliza. Jirani yako alinipigia simu kuulizia hali ya mtoto, tukazungumza. Anasema nyonga yako ilishapona zamani, wauguzi walikwambia utembee, lakini tangu uanguke kwenye zile ngazi za mlangoni hujafika hata getini. Unamtuma sokoni, akirudi unamfokea kupitia dirishani kwamba vitunguu ni vidogo. Unaniambia nimwachie mwanangu. Wewe nani amekufunga?

Mwanao

31 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimengoja barua yako mpaka nimeona aibu kumuuliza mtu wa posta. Najua umenuna. Nuna, ni haki yako, lakini hii isome mpaka mwisho.

Mkanda uliendelea kukua. Baada ya kaki nikaunga bitana ya koti, baada ya bitana nikaunga satini ya gauni la harusi. Wiki iliyopita Bosi alimzunguka muuza aiskrimu na baiskeli yake, tukamfungua yule baba mzee kwa pamoja na wateja wake, naye akawa anatushukuru kwa sababu watu walijaa. Nikajiambia, huu sasa si mkanda, ni kituko.

Lakini leo bado nilitoka nao.

Tulikwenda ule uwanja nyuma ya tangi la maji, wenye bembea. Nikakaa kwenye benchi na mama mmoja anayenyonyesha, akaniuliza jinsi ya kupunguza mikono ya gauni, na unanijua nikianza habari za mikono ya gauni. Nikawa namweleza huku ncha ya mkanda iko mkononi. Kila baada ya muda navuta kidogo. Nikivuta, upande wa pili nao unavuta kidogo. Moyo umetulia kabisa, mtoto yupo.

Mbele yetu watoto walikuwa wanafukuza mpira wa makaratasi. Mmoja aliwaacha wenzake mbali, viwiko vinapiga huku na huku, mdomo wazi, anakwenda tu. Nikamwambia yule mama, "Mtoto wa nani yule? Tazama anavyokimbia vizuri."

Yule mama akatazama. Akasema, "Simjui. Lakini shati lake limeshonwa na mtu anayejua kazi."

Ndipo nikaiona kola. Kola ile nimeishona mimi, ina utepe wa satini ileile ya harusi.

Nilisimama, Mama. Nikaufuata mkanda kwa macho, ukanipeleka mpaka kwenye mguu wa bembea. Umefungwa pale kwa fundo langu mwenyewe, lile ninalomfundisha Mkaguzi. Naye Mkaguzi kakaa chini pembeni yake, ametulia kama mtu aliye kazini, ameushika, na kila nilipovuta yeye alivuta. Nikamtazama. Akasema, "Usiogope Mama, mimi namwangalia. Amekimbia tangu tulipofika na hajafa."

Nilitaka kufoka. Bosi akaniona, akaja, ule mwendo wake wote akaumalizia magotini mwangu. Anahema. Nikapiga magoti nikaweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda kasi kama cherehani kwenye mshono mrefu. Nikangoja. Ukaanza kupunguza, taratibu, wenyewe, bila mtu kuuambia. Nikaendelea kusikiliza tu, mpaka yeye akanipapasa kichwa, akasema, "Mama, ondoa sikio. Zamu yangu imefika."

Nikaliondoa. Akaenda.

Nilikaa kwenye benchi nikalia machozi ya raha, sijui nikueleze vipi. Yule mama akanipa kitambaa cha mtoto wake nijifute. Mzigo niliobeba mwaka mzima niliutua pale, nikaona hata mabega yamekuwa mepesi. Tulikaa mpaka jua likapungua. Sikuvuta kitu chochote.

Njiani kurudi Mkaguzi alitangaza kwamba kuanzia leo Bosi amefukuzwa kazi. Bosi alitembea mpaka dukani, akachoka, akaniambia, "Mama, nibebe." Nikamwambia mimi pia nimekimbia leo, nani anibebe mimi? Wakacheka mpaka wakasahau uchovu. Soli za viatu zimeanza kulika, Mama. Nimezigeuza nikazitazama kama mtu aliyepata zawadi.

Mkanda nakutumia kwa basi kwenye kifurushi hiki. Nikiutazama ndani ya nyumba mkono unawasha, na kutupa kitambaa siwezi, ni dhambi kwa fundi. Ufanyie utakavyo.

Na lile swali langu la barua ya mwisho, lilikuwa kali. Nisamehe ukali. Swali lenyewe bado nalitaka jibu.

Mwanao,
Mama Bosi

24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ya leo na ya zile siku nilizonyamaza. Mzima mimi. Mzima kweli, utaona.

Sikununa. Haya, nilinuna. Nilinuna kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Wote wananiambia pole bibi, kaa bibi, nikaona raha kukaa. Jibu lako ni hili: naziogopa zile ngazi. Nikiziona tu nasikia tena ule mlio wa mfupa. Nimemwambia muuza maziwa ni nyonga, nimewaambia wauguzi ni jua, nimejiambia mwenyewe ni uzee. Ni woga. Umetoka kwangu huo ulio nao wewe, usitafute kwingine.

Kifurushi kilipofika jirani alikifungua, akautoa mkanda, akautoa, akautoa, akaniuliza kama nimeagiza bendera. Nikamsomea barua yako. Tulipofika pale pa "ondoa sikio" ikabidi anipe nafasi.

Tulipomaliza akainuka. Akachukua ncha moja akaifunga kwenye komeo la mlango wangu, nyingine akaenda kuifunga kwenye nguzo ya geti, akaivuta ikakaza. Ulitosha na ukabaki. Akasema, "Haya bibi, shika mshono wa mwanao."

Siku ya kwanza nilishuka ngazi, nikafika mwisho wa pazia, nikarudi ndani nikalala kama mtu aliyelima. Siku iliyofuata nikafika kwenye kaki. Kaki ni nzuri, inashikika. Kwenye bitana nilikwenda bila shida. Satini ndiyo ilinichelewesha, inateleza, mwanangu, nani anaunga satini kwenye kitu cha kushikilia? Nilipita hapo nikiitukana.

Halafu Alhamisi nilikuwa karibu na geti, nikamsikia muuza nyanya kule ng'ambo anamwambia mteja kwamba nyanya zake zimechumwa asubuhi. Uongo mtupu, nilikuwa nimeziona dirishani tangu juzi. Nikaenda kumwambia. Tukabishana, nikashika moja nikambonyezea aone mwenyewe. Katikati ya maneno muuza maziwa akaniita kwa mbali, "Bibi! Mkanda uko wapi?"

Nikageuka. Ulikuwa ng'ambo ya barabara, umening'inia peke yake, upepo unauchezea. Na mimi niko huku na nyanya mkononi. Nilisimama pale, sikujua nicheke au nilie, muuza nyanya akadhani ameshinda ubishi.

Mkanda nimemwachia jirani, anaanikia nguo zake. Mimi Jumamosi napanda basi nije. Usije kunipokea na kiti, wala usimlete kinyozi anishike mkono. Nataka twende kwenye hilo daraja lenu, mayai nitachemsha mimi. Namtaka pia huyo mtu wa mkate.

Ila kituoni mtume Bosi atangulie. Macho yangu ya mbali siku hizi yananidanganya, lakini masikio yapo. Nitasimama mlangoni mwa basi, na sishuki ngazi zake mpaka nisikie viatu vyake vinakuja mbio.

Mama yako,
Bibi yake Bosi