Yale Yakub Alisema Kwenye Mazishi ya Kiplangat

Nasro, tumetoka kumzika Kiplangat hapa Kitale. Nimechoka bana, lakini lazima nikwambie.

Si unajua kaka yangu Yakub na marehemu walifuata mpira pamoja miaka ishirini? Akapewa kipaza sauti. Hajalala tangu msiba, sauti imeisha. Ati akasema, "Hata siku binti yake Jebet alizaliwa, tulikuwa uwanjani Bungoma."

Mbele ya watu wote! Mjane akasimama. "Siku hiyo aliniambia lori lake limeharibika Myanga."

Myanga, Nasro. Lori. Pasta akakohoa. Yakub alitamani ardhi immeze.

Kaburi lilipofunikwa, Mama Jebet akamfuata. Yakub akaanza kuomba msamaha, mama akamkatiza: "Mlishinda?"

"Tulifungwa tatu bila, Mama Jebet. Lakini simu ilipoingia kwamba umejifungua msichana, Kiplangat alishangilia peke yake uwanja mzima. Mashabiki wetu walitaka kumpiga."

Mama akacheka. Halafu akalia, mara ya kwanza tangu mumewe afariki Jumatatu. Akavuta viti viwili.

"Kaa hapa, Yakub. Niambie siku zingine zote alizonidanganya."

Ni saa nzima sasa. Bado anamwambia.