Koti la Msibani

Lea, usinipigie. Niko ofisini, nitalia mbele za watu.

Unalikumbuka lile koti zito la kijani tulilochagua wote mitumbani Sabasaba, la safari yangu ya Stockholm? Ile safari ambayo Brightness, huyu ninayekaa naye meza moja, aliniambia imefutwa?

Amelivaa. Yuko Stockholm. Status amenificha, nimeonyeshwa na mhasibu kwenye simu yake.

Juzi si alikuja kwangu Kizota analia, kafiwa na shangazi yake Makete. "Dada, kule baridi inakata, niazime lile koti." Makete, Lea. Mimi ni nani nimnyime mfiwa? Nikalikunja mwenyewe. Nikamshika mikono, tukasali.

Nimemwuliza bosi. Anashangaa: "Si alisema umejitoa, unauguza? Ndiyo maana nikampa yeye nafasi."

Namuuguza nani? Lea, namuuguza nani mimi?

Nikamwandikia Brightness maneno matatu tu: "Pole na msiba."

Kajibu hapo hapo.

"Asante dada. Tumeshazika salama. Koti lako limenisaidia sana."