Milingoti ya Neema

Busunzu, Kibondo

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo. Maharage tumeshavuna, na bibi yako anakusalimu japo goti linamsumbua. Sasa hayo mambo yako. Hii ni barua ya tatu unaniuliza boti yako ya safari iwe na mlingoti mmoja au miwili. Jamani, Neema! Na simu ya mama yako umeijaza picha za matanga.

Ujanani, mimi na kaka yangu tulitengeneza mashua kule Kigoma. Sisi watu wa milimani mlingoti tuliouzoea ulikuwa wa bendera, pale shuleni. Basi tukakata mkaratusi mrefu kama ule, tukaubeba mabegani hadi ziwani, tena kwa nyimbo. Fundi wa mashua akautazama, akatuuliza, "Upepo ukichafuka, tanga la juu hivyo mtalishusha watu wangapi?" Tukamjibu kwamba mti umenyooka vizuri.

Safari ya kwanza tu, upepo ukachafuka. Tulivuta kamba, tanga likagoma kushuka. Mengine nayaacha, ila ufukweni tulirudi tukiogelea. Mashua ilipopatikana, kaka aliukata ule mlingoti nusu bila kuniuliza, nami nikamshikia mti.

Sasa wewe umeniandikia kurasa nne: mbao au alumini, mmoja au miwili, mrefu au mfupi. Nimezisoma zote kwa miwani ya bibi yako. Kurasa nne, Neema, na hakuna mahali ulipoandika nani atakushikia kamba.

Babu yako