Ng'ombe Ndani ya Maji ya Bahari

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka huku Rufiji, mto unapoingia baharini. Mimi ni mzima, ila mbu wa huku wameniona mgeni na wananikirimu kila siku. Mguu wako unaendeleaje? Na mpunga, mmewahi kuvuna au ndege wamewawahi? Barua hii nampa dereva wa lori la mchele aishushe Igawa. Haya si mambo ya kusemea kwenye simu mbele ya watu. Maduhu, mdogo wangu, akusomee polepole mkiwa wawili tu.

Uliniuliza kama kweli wananilipa kwa kuchota maji. Ndiyo, Mayu, na kwa kuyachuja. Samaki akipita huacha ute, magamba na kinyesi, vitu vidogo kuliko macho yetu yanavyoweza kuona. Sisi tunavinasa kwenye chujio na kuvipeleka maabara Dar. Kule wanasoma vinasaba na kutuambia nani alipita: papa, taa, kamba, hata nguva, ambaye wavuvi wenyewe hawajamwona siku nyingi. Hatujamshika hata mmoja, lakini tunajua walikuwepo. Mimi bado nashangaa kila majibu yakija.

Basi mara ya mwisho majibu yalikuja na ng'ombe. Ng'ombe, baharini! Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dokta, mama anayetuongoza, hakucheka.

"Kabula, Msukuma hapa ni wewe. Ulikula nyama ukashika chujio?"

Niliumia sana, maana mkataba wangu unakaribia kuisha. Lakini kila tukienda kazini huwa tunachuja pia chupa ya maji safi, kwa vyombo vilevile na mikono ileile, ili kujipima kama tumechafua wenyewe. Chupa ile haikuwa na ng'ombe. Dokta alisoma majibu tena, akaniomba radhi mbele ya wote.

Sasa walitoka wapi? Wengine waliridhika kwamba mto umewaleta kutoka mbali. Mimi sikutulia. Tulichota upya, mkondo mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wakaonekana kwenye mkondo mmoja tu. Dokta alitaka kujua chanzo. Mimi nilikuwa na langu moyoni, wala sikumwambia mtu. Tangu kaka Masanja aswage ng'ombe wetu kuja pwani hujasikia sauti yake, na najua wapo wanaokushauri uweke matanga.

Nilichukua bodaboda nikafuata mkondo ule kwenda juu mpaka nikakuta boma. Mama mmoja alikuwa anakamua.

"Mwadila," nikamwamkia.

Aliposikia Kisukuma aliacha kukamua. "Mwadila. We wa kwa nani, binti?"

Nikataja ukoo wetu na jina la baba. Akanitazama weee.

"Mbona umefanana na kijana anayetuchungia?"

Mayu, kaka yuko hai. Nimemshika kwa mikono yangu hii. Amekonda, lakini ni mzima. Ng'ombe wale si wetu. Wetu waliugua njiani wakaisha, na sasa anachunga wa watu. Ndiyo maana alinyamaza.

"Nilisema ntampigia Mayu nikishapata hata watano," aliniambia. "Ningeanzia wapi kumwambia nimemaliza mali ya baba?"

Nilimfokea kwelikweli, pale pale mbele ya wenyeji wake. Kisha tukalia wote wawili. Furaha niliyo nayo siwezi kuimaliza kwa kalamu.

Nisalimie shangazi mwenye duka, katekista wetu, na binamu zangu wa Uyole. Maduhu namwambia ashike masomo.

Kaka atakuja kwangu Jumapili. Baada ya ibada nitakupigia, kisha nitampa simu aongee mwenyewe, kama ataweza. Mayu, nakuomba kitu kimoja: usimuulize habari za ng'ombe.

Binti yako,
Kabula