Majogoo Niliowafuta

Kaka mpendwa,

Barua hii ikukute wewe na wifi mkiwa wazima, na kile kifua chako kiwe kimeacha kukohoa. Sisi huku tunapumua. Nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya, kwa hiyo kaa kitako kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Nilichukua likizo nije kuwatazama wazazi. Unanijua, mikono yangu haitulii. Jina mlilonipa si la bure. Nikaikuta kompyuta ya Baba, ile anayopigia muziki harusini, imekuwa jalala. Folda moja inaitwa "Mpya", nyingine "Mpya Kabisa", nyingine "Usiguse". Wimbo uleule umehifadhiwa huku na kule. Na katikati ya nyimbo, utadhani ni banda la kuku: jogoo anawika, nyimbo kadhaa, jogoo tena! Nilicheka peke yangu. Baba alipokwenda kujilaza, nikazipanga nyimbo zote kwa majina ya waimbaji, kuanzia A. Marudio nikayafuta, majogoo nikawatupa. Nikanyamaza, nimshangaze.

Kaka, nilimshangaza.

Jumamosi ilikuwa harusi ya binti wa jirani yetu seremala. Ukumbi umejaa, bibi harusi yuko mlangoni na shela lake, watu wamesimama. Baba alikuwa anabonyeza na kusikiliza, hedifoni sikioni, anabonyeza na kusikiliza. Mshereheshaji akamhimiza, akafungulia. Ukatoka wimbo wa kuagia maiti, na kwaya yake yote! Bibi harusi akaganda. Mama mkwe wake akajishika kichwa. Baba akabadilisha, ukaja wa walevi. Akabadilisha tena, msiba ukarudi.

Nilikimbia mbele, nikamnong'oneza kwamba wimbo wa maharusi ulikuwa palepale, mbele ya macho yake. Hakutazama. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, jasho linamtiririka, akaniuliza kwa sauti ndogo majogoo wake wako wapi. Mama akanivuta mkono, akaniambia niupige wimbo mwenyewe, mengine tutazungumza nyumbani.

Nyumbani Mama alisema yote bila hata kuketi. Baba haoni. Amebakiwa na vivuli na mwanga wa pembeni. Sura za watu na maandishi vilimtoka tangu kabla hujasafiri. Nyimbo alikuwa anazipata kwa kuhesabu anavyobonyeza, na jogoo ndiye aliyemwambia ametoka kwenye za msiba na kuingia kwenye za harusi.

Nikauliza, na gari je? Maana asubuhi ileile Baba na Mama walikuwa wamewapeleka wanangu dukani. Mama akainamisha kichwa. Unakumbuka tulivyokuwa tukimcheka kwamba garini hafungi mdomo: kuna lori, punguza, kata kushoto, mtoto huyo? Tulisema ana gubu. Kumbe alikuwa anaendesha kwa mdomo! Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, na bado sijamwomba radhi. Funguo za gari ninazo mimi.

Baba anasema asiyeona hapewi harusi, anapewa pole. Alimwapisha Mama tusijue, hasa wewe, kwa sababu ungeacha kazi ukarudi. Amekubali kwenda kwa daktari wa macho Jumatatu. Majogoo nimewachomoa kwenye takataka za kompyuta, nikawarudisha walipokuwa, na nyimbo nikazipanga upya Baba akinitajia mpangilio wake.

Lakini kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu, asije akasikia, ni hiki. Zile picha za mwanao ulizotutumia kwenye simu, Baba aliwaonyesha wageni huku akitamba kwamba mjukuu amechukua pua yake. Hajamwona, kaka. Hajaona hata moja. Jana nilimkuta ameishika simu mikononi, akaniomba nimweleze taratibu mtoto anafananaje. Akaniambia nianze na pua.

Nilimtazama mtoto pichani, nikamtazama Baba. Pua ni ya kina wifi, wala haina mjadala. Nikamwambia ni yake, haikupungua kitu. Akacheka, akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza.

Sasa na mimi ninaficha. Kwa hiyo ukipiga simu akakuuliza, tafadhali tusipishane.

Msalimie sana wifi, na umbusu mtoto kwa niaba yetu sote.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere