Treni Iliyokupokea Mzigo

Mjukuu wangu Rukia,

Huku Sparkhill, Birmingham, sote wazima, baridi tu ndiyo haituachi. Mdogo wako bado namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ila nikisema chai tayari huelewa mara moja.

Nimeipenda picha ya treni iliyokutoa uwanja wa ndege huko Japani. Ati viti vinajigeuza vyenyewe ili abiria wote watazame mbele! Na pale mlangoni pana rafu ya masanduku, yenye kufuli. Aliyeibuni alimfikiria mtu aliyechoka. Mungu amjaze kheri.

Umeniuliza, "Bibi, ugeni unaisha lini?"

Nilipokuja mimi, bado msichana, treni ya Birmingham ilijaa. Nilisimama, sanduku miguuni, kikapu mkononi. Mama mmoja wa Jamaika aliyekuwa amekaa akanyoosha mikono, anakitaka kikapu. Maneno yake sikuyaelewa. Lakini kwetu Unguja mgeni hupokewa mzigo kabla hata ya salamu, basi nikampa. Akakipakata kama mtoto mpaka tulipofika. Na ndani mlikuwa na papa mkavu, harufu imejaa behewa zima! Hakukunja uso.

Jina lake sikulijua. Namwombea mpaka leo.

Basi wangu ugeni uliishia mle ndani ya treni, kabla hata sijaiona Birmingham yenyewe. Na wako, naona, ulianza kupungua pale kwenye rafu: mtu asiyekujua alikaa akaufikiria mzigo wako kabla hujafika.

Bibi yako akupendaye,
Zuhura