Madoa ya Maji kwenye Riviera ya Eliseo

Jumanne, 2 Aprili 2019

Eliseo yuko kwangu tangu jana. Kitanda cha wagonjwa kimekula sebule nzima. Ini limekwisha. Madaktari hawana la kuongeza, sasa ni dawa za maumivu tu, na nesi Bernadette atakuja mara tatu kwa wiki. Mdogo wangu wa pekee. Miaka miwili hatukusemezana, na leo nimemvalisha soksi.

Amenishukuru kwa supu. Vijiko vitatu. Kisha akaomba nimsogeze dirishani. Nilijua anatafuta nini.

Jumatano, 3 Aprili

Gari lake. Riviera ya mwaka 1965, nyekundu iliyoiva, aliyoijenga kwa mikono yake miaka kumi na mmoja. Liko uani kwangu tangu alipopokonywa leseni. Lilikaa ubavuni mwa bustani, na misimu miwili mashine ya kumwagilia imelirushia maji ya kisima kila asubuhi. Maji ya mji wetu huu, Española, yamejaa chokaa — ukichemsha, sufuria inabaki na ukoko mweupe. Sasa fikiria vioo! Kama macho yenye mtoto wa jicho. Na kromu yote — bampa, vitasa, ule ukanda mrefu wa ubavuni — madoa juu ya madoa.

Eliseo akalitazama. Halafu: Mvua ndiyo imelifanya hivi, dada?

Nikasema ndiyo, mvua.

Mvua gani, najiuliza! Hapa kwetu jangwani?

Jumamosi, 6 Aprili

Onofre kaja. Rafiki yake tangu shule ya msingi, tumbo mbele, kofia mkononi. Anasema Ijumaa Kuu magari yote ya kundi lao yatatembea pole pole hadi kanisa la hija la Chimayó kama kila mwaka, na safari hii vijana wanataka Eliseo atangulie.

"Na uso ule?" Eliseo akasema. "Nitangulie na gari lenye ukurutu? Watu watafikiri ni mimi niliyeliambukiza."

Onofre akacheka. Akacheka mpaka machozi, na machozi hayakukoma. Akaenda jikoni, eti maji ya kunywa. Nikamsikia amefungua bomba bila kuchukua glasi.

Aliporudi nikasema: nitalisafisha mimi.

Wamenitazama wote wawili kama nimesema nitajifungua mapacha. Nina miaka sitini na moja.

Jumatatu, 8 Aprili

Siki nusu, na nusu maji ya betri yaliyochujwa, yale yasiyo na chokaa, kwenye chupa ya kupulizia. Maji ya bomba hayafai hata kusuuzia — yataacha madoa mapya yaleyale. Tumelisukuma gari kivulini, mimi na Onofre. Eliseo barazani, ndani ya mablanketi mawili, anatoa amri.

"Weka kitambaa kilicholowa juu ya kioo, kiache kikae. Usisugue! Dada, unasugua!"

"Sisugui."

"Mkono wako unafanya nini basi, unasali?"

"Kaa kimya ufe vizuri," nikamwambia.

Limenitoka! Nikasimama pale na chupa mkononi. Akacheka mpaka Bernadette akatoka nje kuona kuna nini.

Dirisha moja. Saa tatu nzima. Ukungu wa juu umetoka, vile vipele vya chokaa bado.

Alhamisi, 11 Aprili

Stilwaya ya kusugulia, laini kabisa, ile yenye namba ya sifuri nne, na siki. Nilidhani itachubua kioo. Haichubui, mradi kiwe kimelowa. Unasikia kwa kidole: kwanza kama ulimi wa paka, baadaye hakuna kitu, unateleza tu. Kioo cha mbele kimerudi! Nimeona usukani wake mdogo uliotengenezwa kwa mnyororo kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama.

Kwa kromu, foili ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa. Siki kidogo tu, suuza upesi, kausha upesi. Eliseo akaomba afanye kitasa kimoja mwenyewe. Nikamsogeza na kiti chake cha magurudumu. Dakika mbili, mkono ukaanguka mapajani. Mikono hiyo ilikuwa inainua injini. Nikamalizia mimi, akashikilia kitambaa.

Jumapili ya Matawi, 14 Aprili

Damu asubuhi. Nyingi. Bernadette kaongeza morfini. Sikugusa gari. Kanisani sikwenda.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nimemwambia.

Alikuwa macho, akili timamu. Nilikuwa nimetoka kusugua ukanda wa ubavuni, vidole vinanuka siki. Nikasema, Eliseo, haikuwa mvua. Ilikuwa mashine yangu ya bustani. Niliona siku ya kwanza. Ningeisogeza futi moja tu, futi moja! Nikaiacha. Kila asubuhi na kahawa yangu dirishani nikitazama maji yakigonga gari lako. Kwa sababu ulikuja mazishi ya mama umelewa, ukaangusha upande wako wa jeneza. Nilikuwa nakulipiza kisasi.

Akafumba macho. Nikadhani amelala.

"Najua," akasema. "Onofre alipita akaona, akataka kuja kulihamisha. Nikamwambia aache, dada ana haki. Acha amalize. Akimaliza hasira atazima maji."

Nikafuta vidole kwenye sketi yangu.

"Nilikuwa nampigia Onofre kila Jumapili," akasema. "Namuuliza, kazima?"

Nikaweka kichwa kando ya mkono wake, naye akaniwekea vidole nyweleni, vyepesi kama hakuna mtu.

Mashine sikuizima mimi. Iliharibika Oktoba.

Alhamisi Kuu, 18 Aprili

Gari limekwisha kusafishwa, isipokuwa dirisha dogo la nyuma, kushoto. Pale maji yamekula kioo chenyewe. Siki haifiki, stilwaya haifiki. Nimejaribu hadi giza linaingia. Onofre anasema hilo ni la mashine ya kung'arisha, na sasa hakuna muda.

Nikamwambia Eliseo. Amefungua jicho moja. "Liache, dada."

Hajala tangu jana.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Saa tatu asubuhi. Wamekuja kumi na wawili, mashati yamepigwa pasi, kofia mikononi. Magari yao yamejipanga hadi kona ya barabara. Mahujaji wanaokwenda Chimayó kwa miguu wamesimama kutazama Riviera. Inang'aa hadi unafumba macho. Onofre ameshaiwasha, kaiacha ingurume. Vijana wanne wako mlangoni, tayari kumbeba.

Nimemnyoa. Nimemvalisha shati la buluu. Alipokuwa anavalishwa aliniita kwa jina la mama, nikaitika.

Sasa amelala. Anavuta pumzi, halafu hakuna. Nimehesabu kumi na tisa. Halafu anavuta tena. Bernadette amenishika bega, akasema kumwinua kunaweza kuwa ndiyo basi. Kumwacha pia. Uamuzi ni wangu, anasema.

Onofre kauliza kutoka barazani, taratibu: Tumchukue, dada?

Nimesema ngoja kidogo. Naandika ili mikono ipate kazi. Ishirini na mbili. Amevuta. Vidole vyake vinasogea juu ya shuka, huku na huku, mstari mmoja ulionyooka, kama anayefuta kromu.

Onofre anauliza tena. Naweka kalamu, niwafungulie mlango.